Nyuzi Zilizogeuka Nyeusi

Kila siku kengele ya shule ilipogongwa na wanafunzi wakaruhusiwa, Sihaba binti Shaban alikwenda nyumbani kwao Nyamisati, akavua sare, akala alichowekewa na mama yake, kisha akajitanda mtandio na kuelekea kwa shangazi yake. Huko alikaa mpaka adhana ya Alasiri, ndipo alipokwenda chuoni kusoma kwa Maalim Amri. Alikuwa darasa la tano, mwepesi wa kujifunza, na mwepesi zaidi wa kununa.

Shangazi yake, Bi Rukaiya, alikuwa mfumaji wa shali. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda la makuti lisilo na kuta, na ndani yake kitanda cha kufumia: miti miwili ya mkoko iliyolazwa, mmoja huku na mmoja kule, na baina yake zimetandwa nyuzi za pamba, zimekazwa kama nyuzi za zeze. Hizo ndizo nyuzi za mtande. Bi Rukaiya aliketi ukingoni mwa shimo, miguu ndani, akapitisha uzi mwingine, uitwao mshindio, juu ya nyuzi hizi na chini ya zile, kisha akaugonga kwa ubao mpaka ukashikana na wenzake. Kwa kuchagua nyuzi za kuinua na za kuacha, mkono wake ulichora kitambaani nyayo za korongo na magamba ya samaki, bila ya kalamu wala kipimo.

Katika ukoo wao kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Kisha zilikuja nguo za melini, nyepesi na rahisi, na vitanda vya kufumia vikageuka kuni. Baba yake Bi Rukaiya peke yake alikataa kukipasua cha kwake, na kwa kuwa mwanawe wa kiume, Shaban, alipenda nyavu kuliko nyuzi, akamfundisha binti. Ilipofika miaka ya dhiki, maduka yakiwa matupu na watu wakipanga foleni kwa kipande cha khanga, shali za Bi Rukaiya zilitafutwa kutoka Kibiti hadi Mafia. Lakini biashara ilipofunguliwa, marobota ya mitumba yakaanza kushuka, na kila mtu akajifunika shali iliyokwisha kuvaliwa na Mzungu asiyemjua. Wateja wakapungua mmoja mmoja, mpaka akabaki Bwana Abdulswamadu wa Mafia, ambaye hakukubali kuozesha binti bila ya kumvika shali ya kufumwa.

Mwaka huo alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Akaagiza shali yenye nakshi nyekundu, ile nyekundu iliyoiva iitwayo damu ya mzee.

"Hii ndiyo itakayoamua," Bi Rukaiya alimwambia Sihaba. "Akiipokea kwa furaha, nitaendelea. Akiikataa, kitanda hiki nitakipasua kwa mkono wangu, nipikie."

Sihaba aliingiwa na hofu, kwani yeye aliahidiwa kufundishwa. Lakini kabla ahadi haijafika, alikuja Zabibu. Zabibu alikuwa kijana aliyeolewa hapo kijijini kutoka Mtunda, kwa wakulima ambao wazee wao waliteremka milimani. Nyanya yake alikuwa miongoni mwa wachache waliojua bado kusokota pamba kwa mkono, na kwa njia hiyo Bi Rukaiya alipata uzi. Siku moja Zabibu alileta uzi, akakaa kutazama. Siku iliyofuata akakaa tena. Wiki haikupita, Bi Rukaiya akamwambia aketi shimoni.

"Shangazi, mimi ndiye uliyeniahidi," alisema Sihaba, midomo imemtoka.

"Nilikuahidi, na ahadi ipo. Lakini mikono yako inakimbia, mwanangu. Ya Zabibu inasubiri. Yako nayo itafundishwa kusubiri. Leta maji."

Jambo jingine lilimchoma Sihaba zaidi. Mume wa Zabibu, Nasibu, aliuza mitumba pale Kibiti. Inakuwaje, alijiuliza, mke wa mwuza mitumba ajifunze kufuma shali? Hakupata jibu, akajitungia lake.

Kazi ya Sihaba ilikuwa ya maji. Nyuzi zilichemshwa pamoja na magome ya mkoko mpaka zikanywa rangi, zikaachwa zipoe, kisha zikasuuzwa. Bi Rukaiya alikuwa na sharti moja: zisuuzwe kisimani, kwa maji matamu. "Maji ya mkondo usiyaguse," alisema kila mara, wala hakueleza sababu, kama vile baba yake hakumweleza yeye.

Siku moja, Sihaba alibeba beseni la nyuzi mpaka kisimani, akakuta foleni ya ndoo imezunguka mnazi. Jua lilikuwa kali. Njiani alikuwa amempita rafiki yake Mashavu na wasichana wengine wakicheza rede.

"Sihaba, unakuja au umeshakuwa bibi wa nyuzi?" Mashavu alikuwa amemwita. "Tumepungukiwa upande wetu. Tunapigwa kama ngoma."

Maji ya bahari yalikuwa yamejaa. Mkondo ulifika karibu kabisa na njia, baina ya mizizi ya mikoko, umetulia, unang'aa. Sihaba alitazama kulia na kushoto. Akajisemea kuwa maji ni maji. Akashuka, akazitia nyuzi mkondoni, akazisukasuka, tope laini likamkwama vidoleni, akazikamua na kuzitupia begani. Zilikuwa nyekundu kama alivyozitoa chunguni. Akacheza rede mpaka akachoka.

"Umesuuza?" Bi Rukaiya alimwuliza.

"Nimesuuza, shangazi."

"Kisimani?"

"Kisimani."

Zabibu alizipokea nyuzi, akazianika bandani kivulini, moja moja. Sihaba akaenda chuoni.

Kesho yake mchana alipofika, hakukuta mtu shimoni. Bi Rukaiya alikuwa amesimama chini ya kamba ya kuanikia, mkono kiunoni, na Zabibu kando yake. Nyuzi zilikuwa zimekufa rangi. Wekundu wote ulikuwa umezama, na mahali pake palikuwa na weusi mchafu, kama wa chungu kilichosahauliwa jikoni.

"Nani amezigusa hizi?" aliuliza kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ya chini ndiyo iliyowatisha.

"Mimi nilizianika tu, mama," alisema Zabibu.

Sihaba aliukumbuka mkondo, lakini aliukumbuka kama mtu anavyoukumbuka mlango alioufunga. Nyuzi zilitoka mkondoni nyekundu, alijiambia; zimekuwa nyeusi mikononi mwa Zabibu. Na kadiri alivyojirudia maneno hayo, ndivyo yalivyozidi kuwa kweli kwake.

Jirani yao, Bi Hadija, hakuchelewa kufika. Alikuwa mwanamke mkarimu wa chakula na mkarimu zaidi wa maneno.

"Mimi sisemi kitu," alianza, na kila aliyemjua alijua kuwa sasa atasema. "Lakini Rukaiya, mumewe anauza nini? Shali yako ikiharibika, nani atanunua kwake? Mtu aingize mkono wa bara katika kazi ya baba yako, halafu umwulize nani amezigusa?"

"Hadija, acha. Sijaona kitu kwa macho yangu."

"Macho yako yapo kwenye nyuzi. Ya kwetu yapo barabarani."

Tangu siku hiyo Sihaba aligeuka mpelelezi. Alimtazama Zabibu alivyoingia, alivyotoka, alivyoweka mkono. Aliona kuwa wakati mwingine huacha kazi, akainuka ghafla, akaenda nyuma ya nyumba na kurudi amejipangusa mdomo. Aliona kuwa pindo la khanga yake limefungwa fundo daima. Siku moja fundo likafunguka, likaanguka bonge la udongo wa kijivu. Zabibu aliliokota upesi, akalificha, akatazama kama ameonekana.

Udongo. Nani anayekuja kwenye kazi ya nguo na udongo ndani ya khanga?

Alimwambia Mashavu. Mashavu akamwambia dada yake. Sihaba akamwambia na Bi Hadija, ambaye alishika kidevu.

"Udongo wa wapi?"

"Sijui, bibi. Wa kijivu. Aliuficha."

"Basi. Sitaki kusikia zaidi," alisema Bi Hadija, kisha akataka kusikia zaidi.

Muda si mrefu watu walikwisha kuacha kumjibu Zabibu salamu kama ilivyopaswa. Akifika kisimani, wanawake walivuta ndoo zao karibu. Watoto walimpigia mluzi. Yeye alishusha macho, akachota, akaondoka. Bi Rukaiya hakumfukuza, lakini hakumwita tena shimoni. Alimpa kazi ya kufagia banda, naye akafagia.

Bi Rukaiya naye alikuwa amekwama. Uzi ulikuwa umekwisha, arusi inakaribia, na hakuweza kuomba uzi mwingine kwa nyanya wa mtu ambaye kijiji kizima kinamshuku. Ndipo Bi Hadija na wenzake walipoleta shauri.

"Isomwe Halbadiri," walisema. "Siku ya Ijumaa, baada ya sala. Mwenye kufanya atajulikana. Tumbo litamvimba, au ulimi utamkauka."

Sihaba alilisikia shauri hilo akiwa nyuma ya mlango. Alijua kisomo hicho kinavyoogopwa. Ni kisomo cha kumshitaki kwa Mungu mtu asiyejulikana. Na mtu asiyejulikana, alijiambia, ni Zabibu. Kwa nini basi anaogopa yeye?

Alasiri hiyo hakwenda chuoni. Bandani palikuwa na kipande cha uzi mwekundu kilichobaki katika kazi ya zamani, kimefungiwa nguzo. Alikifungua, akashuka nacho mkondoni pale pale, akakisukasuka majini na kulikwangua tope kidogo kama alivyofanya siku ile. Kilitoka chekundu. Akafurahi. Akakitundika nyuma ya jiko la kwao, kivulini, mahali ambapo mkono wa Zabibu usingeweza kufika.

Asubuhi, kabla ya shule, alikwenda kukitazama. Kilikuwa cheusi.

Alikikunja, akakificha chini ya godoro lake, akaenda shule, na siku nzima mwalimu aliandika ubaoni bila ya yeye kuona hata herufi moja.

Ijumaa ilipowadia, watu walikusanyika kwa Bi Rukaiya. Ubani uliwekwa tayari. Maalim Amri alikuja na wanafunzi wake wakubwa, akaketi juu ya mkeka, lakini hakufungua kitabu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila neno alilipima kabla ya kulitoa.

"Nimeitwa nisome," alisema. "Kisomo hiki si fimbo ya kuwapigia majirani. Anayekiomba naye anasimama mbele ya Mungu, na ataulizwa aliomba kwa ajili gani. Kwa hiyo nauliza kwanza. Nani alimwona mtu akiziharibu nyuzi hizi?"

Alizungusha macho, mtu baada ya mtu.

"Basi nani alisikia?"

"Kila mtu amesikia, maalim," alisema Bi Hadija.

"Kutoka kwa nani?"

Bi Hadija alitazama mkeka. Sihaba alitazama miguu yake.

Ndipo Zabibu, aliyekuwa ameketi peke yake karibu na nguzo, aliposema. Hakulia. "Maalim, soma tu. Nimechoka kuvutiwa ndoo. Mimi sikuzigusa nyuzi zile ila kuzianika, na mwenye kujua anajua. Lakini nina swali." Aliweka mkono tumboni, juu ya khanga. "Kama mtu amekosea katika kuniapiza, kisomo kitamgusa na huyu niliyembeba? Maana yeye hajatenda chochote, wala hajatajwa kijijini. Hata mume wangu nimemwambia juzi tu."

Wanawake walitazamana. Bi Hadija alishika kichwa. "Udongo," alisema polepole. "Mama wee. Alikuwa anakula udongo. Na mimi niliyelea mimba zote zile, nikala udongo wa pemba mpaka meno yakaniuma, nisijue."

Sihaba aliona kidole cha Zabibu kikilisugua lile fundo la khanga. Yale yote aliyoyapeleleza, kuinuka ghafla, kujipangusa mdomo, fundo, udongo, yalikuwa mtoto. Akataka kunyamaza, na akajua kwamba akinyamaza sasa, atanyamaza mpaka mwisho.

"Maalim, usisome," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Nyuzi nimeziharibu mimi. Nilisuuza mkondoni. Foleni ilikuwa ndefu, na nilitaka kucheza. Shangazi aliponiuliza nikasema kisimani. Nimejaribu kwa uzi mwingine, nao umekuwa mweusi. Upo chini ya godoro langu."

Baba yake, Shaban, alianza kuinuka, uso umemwiva, lakini Bi Rukaiya alimzuia kwa kiganja.

"Tope la mkondo," alisema Bi Rukaiya, kama anayejisemea. "Linaula wekundu. Ndiyo maana baba alikataza." Kisha akamgeukia Zabibu, akashuka kutoka kwenye kiti chake, akaketi chini mbele yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya kwa mtu mdogo kwake. "Mwanangu, nimekupa ufagio kwa kosa lisilokuwa lako. Sikuona kwa macho yangu, nikaacha wengine waone kwa niaba yangu. Nisamehe."

"Nimesikia, mama," alisema Zabibu. Akainuka, akajitanda vizuri, akaenda kwake.

Maalim Amri aliweka kitabu kando. "Leo tusome dua ya kheri," alisema, "kwa mama na aliye tumboni." Wakasoma.

Jumamosi Zabibu hakuja bandani, wala Jumapili. Bi Rukaiya akamshika Sihaba mkono, wakaenda kwake. Nasibu aliwapokea mlangoni bila ya tabasamu.

"Mke wangu alikuwa akirudi jioni analia," alisema. "Mimi nauza nguo za watu waliokwisha kuzivaa, Bi Rukaiya. Sijapata kumvua mtu nguo yake aliyoivaa."

"Umesema kweli, baba," alijibu Bi Rukaiya. "Na mwenye kosa nimekuja naye."

Sihaba alipiga magoti mbele ya Zabibu. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yalimtoroka yote. "Dada Zabibu, nilikuonea wivu," alisema, na hilo peke yake ndilo lililobaki.

"Wivu wa lile shimo?" Zabibu aliuliza. "Wewe mtoto, unajua mgongo unavyouma mle?" Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nimekusamehe. Lakini kesho utakwenda na mimi Mtunda kwa nyanya. Uzi utaubeba wewe, na utamweleza wewe mwenyewe kwa nini wa kwanza umekwisha."

Sihaba akaenda, akaeleza, akapewa uzi na kukemewa kwa Kimatumbi, ambacho hakukielewa neno kwa neno lakini alikielewa vizuri. Magome yakachemshwa upya. Safari hii Sihaba alisimama foleni kisimani mpaka ikafika zamu yake, akasuuza maji baada ya maji mpaka yakatoka meupe. Nyuzi zikakauka na nyekundu iliyoiva, ile ile iliyotakiwa. Bi Rukaiya na Zabibu wakapokezana shimoni, mmoja akichoka mwingine anaingia, na nyayo za korongo zikatembea kutoka pindo hadi pindo. Shali ikamalizika kabla ya arusi. Bwana Abdulswamadu alikuja mwenyewe kuichukua. Aliikunjua kwenye mwanga, akaivuta huku na huku, akaitia begani, akasema kwamba ndugu yake naye ana binti, na kwamba shali ya huyo nayo ifumwe hapo hapo.

Siku hiyo Sihaba alitazamia kuitwa shimoni. Badala yake shangazi yake alimwita uani.

"Kazi ya nyuzi imekwisha," alisema. "Imebaki kazi yako. Kila nyumba uliyopeleka habari ya Zabibu, utakwenda kuitoa. Piga hodi, salimia, sema: nilisema hivi, nilikosea."

Ikawa safari ya aibu. Kwa Mashavu ilikuwa rahisi, kwani Mashavu alishajua. Kwa dada yake Mashavu ilikuwa ngumu kidogo. Kwa Bi Hadija alikaribishwa, akapewa uji, akasikilizwa mpaka mwisho.

"Hata mimi nimekosa, mjukuu wangu," alisema Bi Hadija, safari hii bila ya haraka. "Lakini kuna jambo. Wiki ile nilikwenda Maparoni kumzika shemeji. Tulikaa matangani siku kadhaa, na matanga unayajua, watu huzungumza. Nikawahadithia. Wao nao wana ndugu zao huko ndani ndani, kwenye mashamba ya mpunga. Nitakaporudi nitawaambia, lakini si wote nitakaowakuta."

Sihaba alirudi akiwa ameinamisha kichwa, akamweleza shangazi yake. Bi Rukaiya alikuwa akitanda mtande mpya, na Zabibu ameshika upande wa pili. Alifunga uzi aliokuwa nao kwanza, akaukaza, kisha akamkabili mtoto.

"Umeona sasa, mwanangu," alisema. "Ulikosea mara mbili. Mara ya kwanza uliharibu uzi, ukadanganya. Hilo tumelichemsha upya, tukalisuuza, likatoka. Mara ya pili ulimdhania mwenzio ubaya bila ya ushahidi, ukaitoa dhana yako mdomoni kama ni jambo ulilolishuhudia. Hilo lililofika Maparoni hatuna kisima cha kulisuuzia. Tutakwenda na Bi Hadija, tuseme kwa tutakaowakuta, na wengine tutamwachia Mungu. Kwa hiyo ukimshuku mtu, anza kwa kujikagua mwenyewe. Na kama huna ulichokiona kwa macho yako, funga mdomo wako, kwani dhana mbaya ni dhambi hata kabla haijamdhuru mtu."

"Nimesikia, shangazi."

"Basi njoo hapa," alisema Zabibu, akisogea kumpa nafasi. "Shika mtande. Usikimbilie. Vuta polepole, mpaka mama akwambie basi."